Tangazo Lililokaa Kama Barua

Tangazo hasidi katika ukurasa wa barua pepe ni tangazo la kulipiwa ambalo shabaha yake si kuuza bidhaa bali kumchukulia msomaji kitu: nywila, namba ya kadi, namba ya simu ya kumwinda baadaye, au upenyo wa kuweka programu ndani ya kifaa chake. Si barua, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Barua ya kitapeli hutumwa kwenye anwani ya mtu, hupita kwenye chujio la kampuni ya barua pepe, na nyingi huishia kwenye folda ya taka. Tangazo halipiti hapo. Huingia kwa mlango wa biashara, likiwa limelipiwa, na kukaa juu, pembeni au katikati ya orodha ya barua, mahali ambapo jicho limezoea kukuta majibu ya usaili, risiti ya malipo au salamu za ndugu aliyeko Muscat.

Sura yake hutegemea limekaa kwa nani. Katika Gmail matangazo huwekwa kwenye kichupo cha promosheni na cha mitandao ya kijamii, yakiwa na jina la mtumaji, mstari wa mada na picha ndogo ya duara, sawasawa na barua yenyewe. Yahoo na Outlook za bure huyachomeka kati ya mistari ya barua, na kwenye kompyuta huongeza bango pembeni. Zote huweka kibandiko kidogo cha kusema kwamba hili ni tangazo, mara nyingi kwa Kiingereza na kwa wino uliofifia. Kwenye simu iliyopasuka kioo, mtu akiwa amesimama ndani ya daladala ya Mbagala na mkono mmoja umeshika bomba, kibandiko hicho ni kama hakipo. Anachokiona ni barua mpya, na barua mpya hufunguliwa.

Matangazo haya ndiyo bei ya huduma ambayo watumiaji hawakuombwa kuilipa kwa fedha. Hotmail ilianza Julai 1996, Yahoo ikafungua huduma yake ya barua mwaka 1997, na Gmail ikaja Aprili 1, 2004 ikiwa na nafasi kubwa ya kuhifadhi na matangazo yaliyochaguliwa na mashine kwa kusoma maneno ya barua. Usomaji huo kwa ajili ya matangazo Google ilitangaza kuuacha mwaka 2017, lakini matangazo yenyewe yalibaki. Dar es Salaam iliingia katika mpango huo kupitia mikahawa ya intaneti, na ndiyo maana mpaka leo mabango ya mafundi, gereji na shule binafsi kuanzia Tegeta hadi Chang'ombe bado yana anwani za Yahoo zilizofunguliwa enzi hizo. Wenye anwani hizo ni watu wazima sasa, wana akaunti za benki, namba za mlipakodi na watoto wanaoomba mikopo ya elimu ya juu. Sanduku lililoanza kama la salamu limekuwa kabati la nyaraka za familia.

Kampuni ya barua pepe haichagui tangazo moja moja. Ukurasa unapofunguka, nafasi tupu hunadiwa kwenye soko la mashine, wanunuzi hutaja bei, mmoja hushinda, na picha yake mara nyingi huletwa kutoka seva ya mtu mwingine kabisa, yote kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Kati ya mwenye ukurasa na mwenye tangazo kuna madalali kadhaa, na kila mmoja anamfahamu jirani yake tu. Aliyewahi kununua kiwanja Chamazi kwa mkono wa dalali aliyeletwa na dalali ataelewa: karatasi zipo, sahihi zipo, ila siku ya mgogoro mwenye ardhi hajulikani. Tapeli hahitaji kuvunja seva ya Google wala ya Microsoft. Anahitaji akaunti ya mtangazaji, kadi ya kulipia (mara nyingi ya wizi) na tangazo lenye sura mbili. Mkaguzi akilifungua huona duka la viatu; mwenye simu ya Android aliye kwenye mtandao wa simu wa Tanzania akilifungua saa mbili usiku huona kitu kingine.

Ukubwa wa tatizo hukadiriwa vizuri zaidi kwa takwimu za wauzaji wenyewe. Google ilieleza kwamba mwaka 2024 ilizuia au kuondoa matangazo bilioni 5.1 na kusimamisha akaunti za watangazaji milioni 39.2. Takwimu hizo hutolewa kama ushahidi wa ulinzi. Zinaweza kusomwa pia kama ushahidi wa jinsi kufungua akaunti ya mtangazaji kulivyo rahisi, kwa kuwa akaunti milioni 39 zilizofungwa ni akaunti milioni 39 zilizokuwa zimekubaliwa kufunguliwa.

Kisa kinachofundisha zaidi kilitokea Yahoo. Kati ya siku za mwisho za Desemba 2013 na siku za mwanzo za Januari 2014, matangazo yaliyotoka seva ya matangazo ya Yahoo yenyewe yaliwapeleka wageni kimyakimya kwenye kurasa zenye vifaa vya kuvamia kompyuta kupitia udhaifu wa programu ya Java. Fox-IT, kampuni ya usalama ya Uholanzi iliyogundua jambo hilo, ilikadiria kwamba kompyuta zipatazo 27,000 ziliambukizwa kila saa, walioumia zaidi wakiwa Romania, Uingereza na Ufaransa. Wengi wao hawakubonyeza chochote. Kufungua ukurasa kulitosha. Mwaka mmoja na nusu baadaye, kuanzia Julai 28, 2015, mtandao huohuo wa matangazo ulitumiwa tena kwa namna hiyohiyo, safari hii kupitia udhaifu wa Flash, mpaka kampuni ya Malwarebytes ilipotoa taarifa na Yahoo ikayaondoa. Ushauri wa kila siku usemao mtumiaji asibonyeze asichokijua haukuwa na msaada wowote kwa watu hao, na ni vyema ukumbukwe kwa udhaifu wake huo kila unaporudiwa kwenye semina.

Tangu hapo milango ya aina hiyo imebanwa. Flash ilifikishwa mwisho Desemba 31, 2020, brauza zimeondoa Java, na masasisho huja yenyewe kwa kila kompyuta inayoruhusiwa kuyapokea. Matapeli wakahama kutoka mashine kwenda kwa mtu. Badala ya kupenya kimya, tangazo sasa humwomba mwathirika afungue mlango kwa mkono wake: bonyeza hapa kusafisha virusi, ruhusu arifa uendelee, ingia upya kwa sababu kikao chako kimeisha. Njia ya kupata fedha nayo imebadilika. Zamani kompyuta iliyoambukizwa iliuzwa kwa wingi kwenye soko la wahalifu wa mbali. Siku hizi mtu mmoja mwenye laini ya simu iliyosajiliwa na salio dogo ni windo linalojitosheleza.

Chambo hufuata shida za mahali. Maeneo ya Mbagala, Tandika, Tandale na Bunju yana shida mbili zinazojulikana na kila anayetengeneza matangazo ya aina hii: ajira na mtaji. Tangazo la mkopo wa haraka usio na dhamana huwa na nembo inayofanana na ya benki na kiungo cha kupakua programu. Baada ya kupakuliwa, programu huomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu, na mkopo ukichelewa siku moja majina hayo huanza kutumiwa ujumbe wa kumdhalilisha mkopaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha kidijitali bila leseni. Orodha hiyo ilisaidia, ingawa jina la programu hubadilishwa kwa siku moja na tangazo huendelea na kazi.

Tangazo la ajira hufanya kazi kwa utaratibu zaidi. Hutumia jina la taasisi ya umma au shirika la kimataifa, hutaja mshahara wa kuvutia bila kuvuka mipaka ya kuaminika, kisha huomba ada ndogo ya fomu, ya vipimo vya afya au ya mafunzo. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma imekuwa ikirudia kwamba maombi ya nafasi za serikali hayana malipo na hupitia mfumo wake ulio kwenye anwani inayoishia na go.tz. Kiishio hicho ni moja ya alama chache ambazo tapeli hawezi kuzinunua, kwa sababu hutolewa kwa taasisi za serikali pekee. Anachoweza ni kukiweka katikati, mfano anwani inayoanza na ajira, ikafuatiwa na go, halafu tz na maneno mengine mbele, akitegemea kwamba macho husoma mwanzo wa anwani na kuchoka kabla ya mwisho. Mwisho wa jina la tovuti, kabla ya mkwaju wa kwanza, ndio wenye ukweli.

Njia yoyote atakayoanza nayo, mwathirika wa Dar es Salaam huishia kwenye simu ya mkononi. Tangazo hukusanya namba, mtu hupiga akijitambulisha kama ofisa wa huduma kwa wateja, na fedha hutoka kwenye M-Pesa, Mixx by Yas, Airtel Money au HaloPesa. Ujumbe maarufu wa kuomba ile pesa itumwe kwenye namba hii ulikuwa utapeli wa kubahatisha, uliorushwa kwa maelfu ya namba bila kumjua mpokeaji. Tangazo kwenye barua pepe hupunguza kubahatisha: aliyejaza fomu ya mkopo ameshajitaja jina, kiasi anachohitaji na siku anayokihitaji. Na ipo hali iliyogeuzwa juu chini, ya watu kuvutwa na matangazo yenyewe kama kazi. Mwanzoni mwa 2025 polisi waliwakamata watu katika mikoa kadhaa kuhusiana na LBL, mpango uliowaahidi wanachama malipo kwa kutazama matangazo ya filamu kwenye simu baada ya kuweka fedha zao kwanza. Mjini watu huingizwa mjini kila siku, lakini kuingizwa mjini kwa ujira wa kutazama matangazo kulikuwa kipya kidogo.

Ila mazungumzo mengi kuhusu usalama wa mtandao hudhani kwamba kila mtu ana kifaa chake. Pembezoni mwa Kinondoni na Temeke sivyo ilivyo. Mtu ana simu yake, ndiyo, lakini kazi nzito za barua pepe hufanyika steshenari: kuskani vyeti, kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, kutafuta cheti cha kuzaliwa cha RITA, kusajili jina la biashara BRELA, kuprinti taarifa ya upotevu wa mali. Steshenari ya kawaida ya Rangi Tatu au Bunju ina mashine ya kutolea kopi, ya kulaminati, kitambaa cha bluu ukutani kwa ajili ya picha za pasipoti, na kompyuta moja au mbili zilizokuja zikiwa zimetumika nje. Masasisho yamezimwa kwa sababu hula bando. Antivairasi ilikuwa ya majaribio na muda wake ulishakwisha.

Huduma yenyewe huenda hivi. Kijana amekuja na vyeti vilivyogongwa mhuri wa wakili, anataka viingizwe kwenye mfumo wa maombi. Amesahau nywila ya mfumo, kwa hiyo kiungo cha kuibadili kinatumwa kwenye barua pepe yake. Anaitaja nywila ya barua pepe kwa sauti, dada wa steshenari anaichapa, brauza inauliza kama iihifadhi, na jibu linalobonyezwa kwa haraka ni ndiyo. Vyeti vikishaskaniwa, mfumo unavikataa kwa kuwa faili ni kubwa. Dada anafungua tovuti ya bure ya kupunguza ukubwa wa faili. Ukurasa una vitufe vitatu vya kupakua, viwili ni matangazo. Cha kijani kilicho kikubwa zaidi kinafungua ukurasa mwingine unaosema bonyeza ruhusu kuthibitisha kwamba wewe si roboti. Anabonyeza ruhusu, hakuna kinachotokea, anarudi nyuma, anajaribu kitufe kingine, faili linapungua, kijana analipa na kuondoka.

Kilichotokea ni kwamba tovuti isiyojulikana imepewa kibali cha kudumu cha kutuma arifa kwenye kompyuta hiyo. Kesho yake mteja mwingine, labda mwalimu aliyekuja kusoma barua kutoka halmashauri, amefungua sanduku lake, na kwenye kona ya chini kulia kinatokea kisanduku chenye nembo ya antivairasi kinachodai kwamba virusi vitano vimepatikana. Kwa mwalimu huyo, onyo limetoka kwenye barua pepe yake. Hana njia ya kujua kwamba limetokana na kibali kilichotolewa jana kwa ajili ya vyeti vya mtu asiyemfahamu. Kompyuta ya steshenari hubeba masanduku ya mtaa mzima, na kosa la mteja mmoja hurithiwa na wote wanaofuata.

Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kushughulikia tangazo la mashaka ni kujua linatoka wapi, kwa kuwa dawa ya chanzo kimoja haifai kingine. Vyanzo ni vitatu. Linaweza kuwa limewekwa na kampuni ya barua pepe kwenye nafasi zake za biashara. Linaweza kuwa arifa ya brauza, ambayo hujitokeza kwenye kona ya skrini au juu ya skrini ya simu hata ukurasa wa barua ukiwa umefungwa. Au linaweza kuwa limechomekwa na programu au kiongezi cha brauza kilichoingia ndani ya kifaa, na hilo hutambulika kwa matangazo kutokea mahali yasipostahili, hata kwenye tovuti za serikali ambazo haziuzi matangazo. Kipimo rahisi ni kufungua sanduku hilohilo kwenye kifaa kingine. Tangazo likifuata akaunti, ni la kampuni. Likibaki kwenye mashine, ni la mashine.

La kampuni huripotiwa papo hapo. Pembeni ya tangazo kuna alama ndogo ya nukta tatu au ya herufi i. Ndani yake kuna njia ya kulizuia au kulilalamikia. Kazi hiyo huchukua sekunde chache na watu wengi huidharau, lakini malalamiko ya watumiaji ni miongoni mwa vitu vinavyofanya akaunti ya mtangazaji ikaguliwe upya. La arifa huondolewa kwenye mipangilio ya brauza, sehemu ya ruhusa za tovuti, ambako orodha ya waliopewa kibali cha arifa hukutwa na majina yasiyosomeka. Yote yafutwe, na ikiwezekana brauza izuiwe kuuliza tena. La tatu huhitaji kuondoa viongezi na programu zisizojulikana. Kwenye simu, programu za tochi, za kusafisha simu na za mikopo ndizo za kutiliwa shaka kwanza.

Ukurasa wa kutisha ukishafunguka na kujaza skrini, alama ya kufungia iliyochorwa ndani yake isiguswe, kwa sababu huwa ni sehemu ya picha na kubonyezwa kwake ndiko kunakotakiwa. Kinachofungwa ni kichupo chenyewe, au brauza nzima. Kwenye simu, ni kuifuta kwenye orodha ya programu zilizo wazi. Hakuna tovuti inayoweza kuhesabu virusi vilivyomo ndani ya simu kwa kufunguliwa tu, kwa hiyo onyo lolote la namna hiyo ni la uongo bila kuhitaji uchunguzi. Faili lililojipakua lifutwe kabla ya kufunguliwa.

Aliyekwisha kuandika nywila yake mahali pasipostahili ana kazi ya haraka zaidi, na kubadili nywila peke yake hakumalizi. Mwizi wa sanduku hupenda kuweka kanuni ya kupeleka nakala za barua kwenye anwani yake, au kubadili namba ya simu ya kurejeshea akaunti. Mambo hayo mawili yakaguliwe kwenye mipangilio, kisha vifaa vyote vingine vitolewe nje ya akaunti. Namba ya kurejeshea inastahili kuangaliwa hata na asiyeibiwa. Laini iliyoachwa bila kutumika huweza kuuzwa upya kwa mtu mwingine, na anwani nyingi za zamani zimeunganishwa na namba ambazo wenye nazo walizisahau. Uthibitishaji wa hatua mbili husaidia sana, mradi namba za siri zisisomewe mtu yeyote kwenye simu. Fedha zikishatumwa, dakika ndizo zenye maana: mtandao wa simu upigiwe kwenye namba 100 kuomba muamala uzuiwe, benki iarifiwe kama kadi imehusika, na kituo cha polisi kitoe hati ya taarifa, kwani bila hati hiyo madai mengine husuasua. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe wa simu kwenda namba 15040.

Kinga iliyo bora kuliko zote hizo ni kutoyaona matangazo kabisa, na inashangaza kwamba husemwa kwa kunong'ona. Desemba 2022 shirika la upelelezi la Marekani, FBI, liliwashauri wananchi wake kutumia kizuia matangazo kama kinga dhidi ya matangazo yanayoiga majina ya kampuni halali. Kama chombo cha dola katika nchi zilikozaliwa kampuni hizi kimefika hapo, mwenye steshenari Mbande hana sababu ya kuona haya. Firefox, kwenye kompyuta na kwenye Android, hukubali kiongezi cha uBlock Origin ambacho ni bure. Chrome imeacha kukubali toleo lake kamili na kubakiza jepesi. Katika Gmail, kuzima vichupo vya promosheni na mitandao ya kijamii huondoa matangazo yanayokaa kama barua. Anayesoma barua kupitia programu ya Thunderbird haoni matangazo ya ukurasa wa Yahoo wala Outlook, kwa kuwa haufungui ukurasa huo.

Hoja ya upande wa pili husikika: huduma ni ya bure, matangazo ndiyo malipo, kuyazuia ni kula bila kulipa. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama muuzaji wa nafasi angebeba hasara ya anayetapeliwa kupitia nafasi hiyo. Habebi. Novemba 2025 shirika la habari la Reuters liliandika kwamba nyaraka za ndani za Meta zilikadiria takriban asilimia 10 ya mapato ya kampuni hiyo ya 2024 yangetokana na matangazo ya utapeli na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Meta si kampuni ya barua pepe, lakini soko ni la aina moja. Pia bando ni la mtumiaji. Picha na video za matangazo hushuka kwa data iliyonunuliwa Mbagala kwa fedha za Mbagala, kwa hiyo hata ubure unaozungumzwa una mlipaji wake.

Upande wa sheria, Tanzania haiko mikono mitupu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inaadhibu udanganyifu kwa njia ya kompyuta, kujifanya mtu mwingine na kutuma ujumbe usioombwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imezaa tume yenye mamlaka juu ya wanaokusanya taarifa za watu. Tume ya Ushindani ina wajibu wa kumlinda mlaji dhidi ya matangazo ya kupotosha. Ndani ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kuna TZ-CERT, kitengo cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao. Hata hivyo vyombo hivyo vimezoea tapeli aliye ndani ya nchi na mwenye laini iliyosajiliwa. Sheria ya 2015 yenyewe haimlazimishi mtoa huduma kuchunguza kila data anayoipitisha, jambo lenye busara kwa faragha ya watu, lakini linalomwacha muuza matangazo akiwa huru mpaka alalamikiwe.

Kwamba kampuni za barua pepe na za matangazo ziko mbali si kikwazo kama kinavyoelezwa. Sheria ya Fedha ya 2022 iliweka kodi ya asilimia 2 kwenye malipo ya huduma za kidijitali zitolewazo na kampuni zisizo na makazi nchini, na utaratibu ukatengenezwa wa kuzisajili na kuzikusanyia kodi hiyo. Dola iliyoweza kuzifikia kampuni kwa ajili ya mapato inaweza kuzitaka, kupitia mlango huohuo, ziweke kibandiko cha tangazo kwa Kiswahili kinachosomeka, ziwe na mtu wa kujibu malalamiko ya TCRA ndani ya muda uliopangwa, na zitaje nani alilipia tangazo lililowaumiza Watanzania. Na namba 15040, ambayo wananchi wameshaizoea, ingeweza kupokea anwani ya tovuti kama inavyopokea namba ya simu.

Lililo karibu zaidi liko halmashauri. Steshenari hufanya kazi kwa leseni ya biashara, na leseni hiyo haiulizi lolote kuhusu kompyuta ambayo watu huiachia nywila zao. Maofisa biashara wa Kinondoni na Temeke wangeweza kuweka masharti machache wakati wa kuihuisha: brauza ipangwe isihifadhi nywila wala kubaki na vibali vya arifa, kizuia matangazo kiwekwe, masasisho yaruhusiwe, mteja aandike nywila yake mwenyewe badala ya kuitaja. Kwa mwenye duka, yote hayo ni kazi ya nusu saa na bando la kupakulia Firefox.